Jina Lako na la Mama Yako

Bati la mganga ni dogo, halizidi ukubwa wa daftari la shule, na limepigiliwa misumari juu ya nguzo ya stima mahali ambapo askari wa kaunti hafiki bila ngazi. Maandishi ni ya mkono, kwa rangi nyekundu au nyeusi. Kwanza hutajwa anakotoka mganga: Pemba, Tanga, Sumbawanga, Kitui. Kisha inafuata orodha: mpenzi aliyekuacha, mali iliyoibiwa, kesi, shamba, kazi, biashara isiyosonga, nguvu za kiume, kusafisha nyota. Mwisho namba ya simu. Ukishuka Kawangware kwenye stendi ya 46 ukaelekea Gatina, au ukiteremka kutoka Olympic kuingia Makina kule Kibera, utayakuta mabati haya yakigombania nafasi na matangazo ya nyumba za kupanga.

Nayasoma kila nikipita, kwa sababu orodha ile ni ya kweli. Sisemi kwamba mganga anaweza kutimiza anayoahidi. Nasema anajua barabara kinachomnyima mpangaji usingizi, maana asipokijua hatapata wateja na hatakula. Na katika orodha hiyo, maneno mawili ya mwisho, kusafisha nyota, yanatoka kwenye elimu yenye umri mkubwa kuliko Nairobi mara nyingi. Kabla ya kuingia katika chumba cha mabati ambamo kazi hiyo hufanyika, inafaa tumtazame mtu mmoja wa London aliyeifanya kazi hiyo hiyo miaka karibu mia nne iliyopita, kwa sababu yeye aliandika kila kitu.

William Lilly alizaliwa mwaka 1602 katika kijiji cha Diseworth, Leicestershire. Baba yake alifilisika akafungwa kwa madeni. Mwaka 1620 kijana akaenda London, akitembea kwa miguu kando ya gari la mizigo, akaandikwa kazi ya nyumbani kwa Gilbert Wright, mtu mwenye mali lakini asiyejua kuandika. Lilly alisafisha viatu, akafagia barabara mbele ya nyumba, akang'oa magugu bustanini, akateka maji mto Thames; anasimulia kwamba kuna asubuhi moja alisaidia kubeba madumu kumi na manane. Kijana aliyeshuka basi kutoka Vihiga, akapata kibarua Lavington na chumba Kawangware, angemwelewa bila mkalimani. Tajiri alipofariki mwaka 1627, Lilly alimwoa mjane wake. Miaka michache baadaye akaanza kujifunza nyota, na mwaka 1644 akatoa almanaka yake ya kwanza.

Almanaka ilikuwa kijitabu cha mwaka mmoja. Ndani yake mlikuwa na tarehe, sikukuu, miandamo ya mwezi, siku za magulio, barabara kutoka mji hadi mji, majira ya mahakama, na picha ya mwili wa mtu ukionyesha kila kiungo kinatawaliwa na nyota gani, ili anayetaka kutolewa damu ajue siku ya kujiepusha. Nyuma yake kulikuwa na utabiri: hali ya hewa, mavuno, magonjwa, vita. Bei ya kawaida ilikuwa peni mbili. Tangu mwaka 1603 haki ya kuchapisha almanaka ilikuwa mikononi mwa Chama cha Wachapishaji cha London, kilichojipatia faida kubwa, na kufikia miaka ya 1660 nakala zilizouzwa zilikadiriwa kuwa 400,000 kwa mwaka katika nchi yenye watu wasiozidi milioni tano na kitu. Wanahistoria husema kaya moja kati ya kila tatu ingeweza kuwa na yake. Watu waliandika madeni na siku ya ng'ombe kupandwa kwenye kurasa tupu zilizoachwa makusudi.

Lakini almanaka ilikuwa tangazo pia. Aliyeipenda alimfuata mwandishi wake nyumbani. Kwa Lilly, mtaa wa Strand, walifika karibu watu 2,000 kwa mwaka katika siku zake nzuri, watumishi wa ndani na wake wa mabwana, kwa ada ya kawaida ya nusu krauni. Walimuuliza mume aliyekwenda baharini yu hai au amekufa, mchumba atarudi, kijiko cha fedha kimeibwa na nani. Mwaka 1638 aliibiwa yeye mwenyewe: samaki wa Kwaresima aliowanunua London wapelekwe kwake Hersham kwa mashua walitoweka ghalani kando ya mto. Akachora falaki ya saa aliyopata habari, akaamua mwizi ni mvuvi anayeishi karibu na maji, akachukua hati ya upekuzi na polisi wa kijiji, akaenda. Samaki wengine walikutwa, wengine wameshaliwa. Palikuwa pia na vitunguu saba vya Ureno. Mama wa nyumba, asiyevijua, alikuwa amevipikia mchuzi. Lilly akaiweka hadithi hiyo, vitunguu na vyote, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1647 kama mfano wa kufundishia.

Kitabu hicho kina orodha ya waandishi aliowasoma, na mmoja wao ni Albumasar. Huyu ni Abu Maashar, aliyezaliwa Balkh mwaka 787 na kufanya kazi Baghdad. Vitabu vyake vilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12 na wasomi wa Ulaya wakavitumia kwa karne tano. Huku kwetu jina lile lile liliingia kwa Kiarabu kupitia bandari. Kitabu cha falaki kinachobeba jina la Abu Maashar kimeuzwa kwa miaka mingi pamoja na juzuu na vitabu vya dua, na mwalimu wa pwani, yaani mganga wa nyota, akisema "kitabu" katika shughuli zake, mara nyingi ana maana ya hicho au kinachofanana nacho. Sayari za Lilly na za mwalimu ni zile zile saba: Zuhali, Mushtari, Mirihi, Shamsi, Zuhura, Utaridi, Kamari. Buruji ni zile zile kumi na mbili, na Zuhali ni nuksi London na nuksi Makina. Wawili hawa walisoma kwa ustadhi mmoja.

Walipoachana ni katika hesabu, na hapo ndipo pana jambo ninalotaka msomaji alishike. Lilly alihitaji kujua sayari ziko wapi saa ile mteja alipouliza, kwa hiyo alihitaji majedwali mapya kila mwaka. Mwalimu wa Kibera anahitaji majina mawili. Anauliza, "Jina lako nani? Na la mama yako?" Tuchukue mteja aitwaye Juma, mama yake Amina. Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake katika hesabu ya abjadi. Juma ni jimu 3, mimu 40, aini 70 na he ya mwisho 5: jumla 118. Amina ni alifu 1, mimu 40, ye 10, nuni 50, he 5: jumla 106. Ukijumlisha unapata 224. Toa kumi na mbili kumi na mbili mpaka isitoleke tena, inabaki 8. Hesabu kutoka Hamali, buruji ya kwanza, hadi ya nane: Akarabu, ambayo magazeti huiita Nge. Mtawala wake ni Mirihi, asili yake maji. Wanjiru na Otieno nao huandikwa kwa herufi hizo hizo kadiri majina yao yanavyosikika, kisha hesabu inaendelea.

Mwanafalaki wa anga atasema hapo hakuna nyota hata moja iliyotazamwa, na ni kweli. Lakini fikiria ni nani anayekaa kwenye mkeka ule. Horoskopu ya kuzaliwa inadai tarehe, saa na mahali. Wazee wengi wa Kenya wana kitambulisho kinachosema wamezaliwa Januari mosi kwa sababu karani alihitaji kuandika kitu. Hata wateja wa Lilly wengi hawakuijua saa yao ya kuzaliwa, ingawa parokia za Uingereza zilianza kuweka daftari la ubatizo mwaka 1538. Ndiyo maana yeye alitumia saa ya swali badala yake. Waalimu wetu walipata njia nyingine. Mtu anaweza kukosa cheti, akakosa tarehe, akakosa hata baba wa kumtaja, lakini mama anamjua.

Kibera inalifahamu jambo hili kuliko mitaa mingi. Wenyeji wake wa kwanza walikuwa askari Wasudani wa King's African Rifles na jamaa zao, ambao leo tunawaita Wanubi, waliopewa ruhusa ya kukaa pale mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza ekari 4,197 kuwa eneo la jeshi. Hati ya ardhi waliyoipata hatimaye, mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288. Katikati ya tarehe hizo mbili vizazi viliishi bila kuandikwa kama wenyeji. Kijana Mnubi aliyefika miaka 18 alipelekwa mbele ya kamati kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho, na watoto wengi walikua bila uraia uliothibitishwa. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto hao. Kwa watu waliozungushwa hivyo na ofisi, palikuwa na mahali pamoja ambapo swali la wewe ni nani lilijibiwa kwa jina lako na la mama yako, bila nakala tatu wala muhuri wa chifu. Siliamini jibu lililofuata. Swali lenyewe nalielewa kwa nini liliwapa watu heshima.

Kuna sababu ya pili iliyofanya ujuzi huu usihitaji almanaka ya kila mwaka huku kwetu, nayo ni jua. Saa za sayari hupatikana kwa kugawa mchana sehemu kumi na mbili, kuanzia macheo hadi machweo, kila sehemu ikiwa na sayari yake: Jumanne inaanza na Mirihi, Alhamisi na Mushtari, Jumamosi na Zuhali. Mchana wa London mwezi Juni unapita saa kumi na sita, kwa hiyo saa moja ya sayari ni zaidi ya dakika themanini. Desemba inashuka hadi karibu arobaini. Bila jedwali la kila siku, mtu wa London amepotea. Nairobi iko karibu digrii moja na robo kusini ya ikweta. Mchana ni ule ule mwaka mzima, kasoro dakika chache, na saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Jedwali moja lililoandikwa kwenye jalada la daftari linatosha maisha ya mwenyewe na ya mwanafunzi wake.

Pwani nayo ilikuwa na mwaka wake wa jua usiohitaji kiwanda cha uchapaji. Unaanza Nairuzi, Siku ya Mwaka, unahesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, thelathini na sita kwa jumla, na siku tano za ziada. Manahodha walihesabu kwa miongo siku za kaskazi na kusi, wakulima siku za kupanda. Kwa kuwa hauna mwaka mrefu, unasogea siku moja kila baada ya miaka minne, na sasa sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, inaangukia Julai. Mwaka huitwa kwa siku uliyoanzia, na mwaka wa Jumatatu una bahati yake, wa Ijumaa una yake. Utabiri huo ulikaa vichwani na katika madaftari ya waganga. Ulipopanda reli kuja bara, ulikuja na watu, na ndiyo maana hadi leo bati la Kawangware halitangazi kitabu. Linatangaza mahali mtu anapotoka.

Aliyeupeleka unajimu huu redioni na magazetini kuliko mtu mwingine yeyote wa Afrika Mashariki ni Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki Mei 2011. Kwa msomaji wa kawaida, Punda, Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke na wenzao ni majina ya Sheikh Yahya. Na kama Lilly, hakukaa mbali na ikulu. Mwaka 2009 alitabiri kwamba atakayempinga Jakaya Kikwete ndani ya chama chake katika uchaguzi unaokuja atakufa ghafla. Agosti 2010, Kikwete alipoishiwa nguvu jukwaani Jangwani, alitangaza kumpatia ulinzi wa viumbe wasioonekana. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika: utabiri wa kifo kwa mpinzani ni tishio, hata ukisemwa kwa upole. Lilly naye alikuwa ameuingiza unajimu katika siasa kabla yake. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza alikuwa upande wa Bunge. Mwaka 1645 almanaka zake ziliwapa moyo askari waliomshinda Mfalme Charles huko Naseby, na mwaka 1648 yeye na mwenzake John Booker walipelekwa Colchester kuwahakikishia wazingiraji kwamba mji utaanguka. Uliangukia mikononi mwao kweli. Njaa ya miezi miwili na nusu ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Kisha moto. Mwaka 1651 Lilly alichapisha picha bila maelezo: mapacha wakitumbukia kichwa chini motoni. Mapacha ndiyo buruji ya London. Septemba 1666 mji ukateketea kwa siku nne, na Oktoba akaitwa mbele ya kamati ya Bunge aeleze alijuaje, maana palikuwa na shaka kwamba moto uliwashwa makusudi. Akajibu kwamba aliona msiba ila hakuujua mwaka, wakamwacha. Mtu wa Kibera hahitaji kuelezwa hofu iliyomo katika habari hiyo. Soko la Toi limeungua mara kadhaa, mwaka 2019, tena 2024, na kila mara mitumba, mashine za kushona na akiba zimekwenda usiku mmoja, na kila mara soko limeuliza nani amewasha.

Mwanahistoria Keith Thomas, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1971, alilitazama jambo hili: London iliyoungua ndiyo iliyozaa bima ya moto, Nicholas Barbon akianza kuiuza mwaka 1680, na kadiri watu walivyopata njia za kujikinga, mnajimu alipungukiwa kazi. Thomas mwenyewe alionya kwamba hesabu haikai sawa sana, kwa kuwa wasomi waliacha kuamini kabla kinga haijafika. Naona onyo hilo ni muhimu kwetu. Mama mboga wa Laini Saba, Kibera, haendi kwa mwalimu kwa kukosa elimu ya sayansi. Anakwenda kwa sababu amehesabu mtaji, kodi, ada ya shule na deni la chama, ameona hesabu haifungi, na hakuna ofisi yoyote inayompa miadi ya kulizungumza hilo. Vijana wa kazi ya mjengo nao sasa hununua utabiri wa mechi kwa simu kabla ya kubeti, na wanaouuza wanatumia lugha ya uhakika ambayo Lilly angeitambua mara moja.

Madhara yapo, tena makubwa. Mgonjwa wa kifua kikuu anayesubiri nyota isafishwe anaambukiza chumba kizima. Pesa ya kafara hutumwa kwa M-Pesa, kisha ya pili, kisha namba inazimwa. Mbaya kuliko yote ni pale mteja anapotajiwa jirani kuwa ndiye aliyemfunga. Masheikh wengi wanaikataza kazi hii waziwazi, na wanaikumbusha misikiti hadithi mashuhuri kuhusu sala za siku arobaini za aliyemwendea mpiga ramli. Makanisa yanasema hivyo hivyo, kama wahubiri wa Uingereza walivyosema katika enzi ya Lilly. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 bado imo katika vitabu vya Kenya, mjukuu wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 iliyomwadhibu anayejidai kujua mali iliyoibiwa iko wapi. Mabati yanang'olewa na kurudi.

Kinachoniuma ni kitu kingine. Simon Forman wa London na mwanafunzi wake Richard Napier, mchungaji wa Great Linford, waliandika kila mteja aliyefika kati ya mwaka 1596 na 1634: jina, umri, saa, swali. Kesi zipatazo 80,000. Elias Ashmole, rafiki wa Lilly, alizikusanya karatasi hizo, zikafika Oxford, na siku hizi watafiti wa Cambridge wameziweka mtandaoni. Ukizisoma unakutana na mjakazi anayeuliza kama ana mimba, mama ambaye mtoto wake halali, mwanamume anayeogopa kutoka nje. Hakuna hati nyingine ya karne ile inayotupa sauti za watu wadogo kwa wingi huo, na kuzitumia hakumlazimu mtu kuamini Mirihi.

Waalimu wa Makina na Kawangware nao wana madaftari, ya kurasa 48 au 96, yenye majina mawili mawili, tarakimu chini yake, na neno moja la haja: ndoa, kazi, mtoto, nyumba. Mwenye daftari akifa, likiachwa chumbani, mpangaji mpya analitupa au linawashia jiko. Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue zinatunza karatasi za serikali, na ekari za Kibera zitapatikana humo. Maswali ya walioishi juu ya ekari hizo hayamo. Idara za historia za vyuo vyetu zina wanafunzi wanaotafuta mada, na waalimu wazee bado wapo. Kazi yenyewe inataka ruhusa ya mwalimu na ya mteja, majina yafichwe, tarehe na mtaa viandikwe, na swali liandikwe kwa maneno yale yale ya aliyeuliza.